Kumuaga Orpa, Aliyeongoza Ng'ombe wa Reki

Mheshimiwa Nyakwawa Kamgunda, mkubwa wa ardhi hii tunayoikanyaga. Mama NaMbewe, mwenye shamba, mwenye ng'ombe na mwenye uvumilivu. Pasta Rodrigue na Shehe Ngongo, ambao leo mmekaa benchi moja na hakuna aliyeanguka. Ndugu wanakikundi wa nyasi. Majirani zetu wa Dzaleka, wa ndani ya kambi ya wakimbizi na wa nje. Na wewe, dada Orpa, ambaye kesho alfajiri unapanda basi pale Lilongwe, uende Karonga, uende Kigoma, uvuke ziwa mpaka Fizi: nawasalimuni nyote. Muli bwanji? Jambo sana! Asalaam aleikum! Kama kuna mtu hajaguswa na salamu hata moja, anyooshe mkono nimtafutie yake.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Sumaili, mtoto wa Kindu, katibu wa kikundi hiki. Kwetu tuliuza chumvi na vitenge. Kabla sijafika Malawi, ng'ombe nilimjua akiwa kwenye sahani. Siku tuliyokuja kuomba kazi hapa, nilimwambia Mama NaMbewe kwa adabu zangu zote, "Mama, tumesikia kwako kuna nyasi nyingi." Sikujua kwamba kwa Kichewa kuna neno nyansi, na maana yake ni uchafu. Mama akautazama ua wake aliokuwa ametoka kuufagia, akavitazama viatu vyangu, akasema, "Uchafu umeingia na wewe." Nyakwawa, naona bado unacheka. Tangu siku ile, nyasi mbele yake tunaziita udzu, na tumeheshimiana.

Mashine zenyewe mnaziona hapo nyuma yangu. Waliziacha watu wa zamani waliokuwa na shamba hili, na zimezeeka kuliko wengi wetu. Ile ya vidole vya chuma ni ya kugeuzia: inayachota majani yaliyokatwa, inayarusha, ili upande uliolala chini nao upate jua na upepo. Sisi wa Kongo tulishangaa sana. Kwetu majani huota yenyewe, mtu ayakaushe ya nini? Tukageuza huku tunanong'ona kwamba mama wa watu amechanganyikiwa. Ulipofika mwezi wa tisa, nchi imekauka kabisa, tukaona ng'ombe wa huko barabarani mbavu nje, na hawa wa hapa wanakula majani yetu makavu, bado wanakamuliwa. Ndipo tulipofunga midomo.

Ile ya pili, yenye magurudumu mawili makubwa na meno yaliyopinda, ndiyo reki. Inakusanya majani makavu iyaweke kwa mistari, na ndiyo iliyotuleta hapa leo. Inataka watu wawili. Mmoja anatangulia na kamba, anaongoza ng'ombe. Mwingine anakaa kwenye kiti juu ya meno, na kila akifika kwenye mstari anakanyaga chuma, meno yanainuka, majani yanabaki chini. Wa mbele akiwaachia ng'ombe wakaruka, wa nyuma ataangukia wapi? Kwenye meno. Kwa hiyo aliyeketi juu ameweka roho yake mikononi mwa mwenye kamba.

Mama NaMbewe akawachagua Orpa na Léoncie. Orpa ni wa Fizi, mkulima wa bondeni. Léoncie ni wa juu mlimani, Itombwe, mtoto wa wafugaji. Wote wawili ni wajane wa vita vya kwetu Kongo, na kila mmoja aliamini kwamba watu wa mwenzake ndio waliomfanya mjane. Kambini walikuwa wakionana kisimani, mmoja anageuka na ndoo tupu. Mama hakujua lolote. Alisema tu, "Nyinyi si wote ni wa Kongo? Haya, shikeni kazi." Nani angemweleza, na kwa Kichewa gani?

Wakafanya kazi, lakini kusemezana, hapana! Walizungumza na ng'ombe. Yule dume mwekundu mnamfahamu, anaitwa Mlamu, yaani shemeji. Orpa anasema, "Mlamu, ambia ule wa nyuma tunafika ku jiwe, ainue meno." Na kule nyuma unasikia, "Mlamu, ambia ule wa mbele, mustari yake iko inapinda sawa mukia ya panya." Msimu mzima Mlamu aliambiwa mambo mengi kuliko Pasta. Tulicheka, ndugu zangu, lakini haikuwa ya kucheka.

Mwaka jana, wakati tunapanga mistari upande wa korongo, gurudumu likakanyaga kiota cha nyigu. Ng'ombe wakapagawa. Wakakimbia moja kwa moja kuelekea korongoni, na kikwembe cha Léoncie, kitenge alichojifunga kiunoni, kilikuwa kimenasa kwenye chuma cha kukanyagia, hawezi kuruka. Niambieni, Orpa angeiachia ile kamba, nani angemlaumu? Nyigu wako usoni kwake, ng'ombe wawili wanamvuta, na aliye nyuma ni yule. Hakuachia. Alianguka, akaburutwa kwa magoti, kamba iko mkononi, na tukamsikia anapiga kelele: "Léoncie! Léoncie! Acha kikwembe, ruka!"

Léoncie akakifungua, akaruka. Reki ikaenda na kikwembe peke yake, ng'ombe wakasimama hatua chache kabla ya korongo. Tulipofika, Léoncie alikuwa ameketi chini, amemlaza Orpa mapajani, anamtoa nyigu kwenye nywele. Akamuuliza, "Kumbe jina yangu unaijua?"

Orpa akajibu, "Nilijua tangu siku ya kwanza. Kuitaja njo sikutaka."

Wakalia wote wawili. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Sasa ndugu wageni waalikwa, wakubwa wa kwetu Kongo wamesaini amani, na Orpa anarudi kwao. Kijiji chake kiko chini ya mlima, kwenye njia ya kupanda Itombwe. Léoncie alimwacha mama yake huko juu mwaka 1998, miguu ya mama haikuweza kukimbia, na mpaka leo hajapata habari yake. Orpa amesema atapanda kumtafuta.

Maneno yamekuwa mengi. Wa upande wake wanasema anajidhalilisha. Wa upande wa pili wanasema, huyo anapeleleza. Léoncie mwenyewe amemsihi: "Usiende. Mama nimeshamulilia, sitaki kukulilia na weye." Nami, kwa ukatibu wangu, nilikwenda kumkataza. Akaniambia, "Sumaili, ile njia ina hatari, najua. Lakini ule mama atajuaje kama mutoto wake iko muzima?" Nilikuwa na hotuba ndefu siku hiyo. Nikarudi nayo nyumbani.

Ninyi wenye maneno ya kumvunja moyo, nawaomba myameze na hizo Fanta. Wiki hii nzima Orpa anajifunza salamu ya wafugaji kwa Léoncie. Unasema "Amashyo", unamwombea mwenzio makundi ya ng'ombe, naye anakuitikia "Amashongore", uwe na majike mengi. Ulimi wa Fizi unapata taabu, lakini unasogea.

Dada Orpa, ukifika mlangoni kwa yule mama, salimia kwanza, kabla hujasema unatoka kijiji gani. Akiitika, mwambie mtoto wake anaishi. Na kama hakuna wa kuitika, uliza kaburi ni lipi, ulisalimie vilevile, kisha tutumie habari. Léoncie amesema hata hiyo anaitaka, mradi itoke mdomoni mwako.

Nimemaliza. Zikomo kwambiri, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu. Léoncie, inuka dada, mshike mkono. Na sisi wengine tusimame.