Ukucha wa Cucu

Bwana asifiwe! Hapana, ndugu zangu, hiyo sauti ni ya watu waliokula mukimo asubuhi wakashiba. Mimi leo nimesimama mbele yenu na viatu vya wazi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuja kanisa hili, kwa hivyo naomba mniitikie kama watu walio hai. Bwana asifiwe! Sasa nimesikia.

Kwa jina naitwa Nyawira wa Kariuki, kutoka kule nyuma ya Kiganjo. Wengi mnanijua kwa sababu ya maziwa. Mlichokuwa hamjui ni kwa nini nilikuwa navaa soksi nzito hata jua likiwa kali, na kwa nini nilikuwa nakataa kwenda mtoni kubatizwa na akina mama wengine. Mlidhani ni maringo. Ndugu zangu, haikuwa maringo, ilikuwa hofu!

Mimi ni binti wa kwanza, basi nikapewa jina la mama yake baba, kama ilivyo kwetu. Baba yangu, Kariuki, hajawahi kuniita Nyawira hata siku moja. Huniita Maitu, yaani mama. Guka wangu, babu mzaa baba, aliniita mke wake tangu nikiwa natambaa, na watu wakacheka, kwa sababu huo ni utani wetu wa kila siku na hauna ubaya. Nilikua nikijua kwamba nimebeba jina la mtu. Sikujua kama jina linaweza kuja na mzigo wake.

Cucu mwenyewe, huyo bibi yangu mzaa baba, nilimjua vizuri. Alikuwa na ukucha mmoja mbaya, wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Ulikuwa mnene, rangi ya kahawia, umejipinda kama pembe ya kondoo dume. Ulimfanya aburute mguu, na ukiwa jikoni ungejua ni yeye anayekuja kabla hajatokea. Miaka ya mwisho alishikwa na ugonjwa wa sukari, kidonda kikaanza hapo chini ya ule ukucha, kikapanda. Mguu ulivimba, chakula kikamkataa, akasema kila kitu kina ladha ya majivu. Halafu akatuacha.

Baada ya mazishi tukagawa vitu vyake. Tata, dada yake baba, alishika gambuti za cucu, vile viatu virefu vya mpira, zilikuwa bado nzima kabisa, akanipatia mbele ya watu wote. Akasema vya Nyawira ni vya Nyawira. Nilizivaa na zikanitosha kama nilipimiwa dukani. Tangu hapo kila alfajiri nilikuwa naenda kukamua ng'ombe nikiwa ndani ya gambuti za marehemu, soksi zikiwa na unyevu, ukungu wa mlimani umefunika boma.

Haikuchukua muda mrefu. Doa jeupe lilitokea pembeni ya ukucha wangu, kidole gumba, mguu wa kulia. Doa likawa manjano, manjano ikawa kahawia, ukucha ukaanza kunenepa na kuinuka. Nikivua soksi unga unaanguka sakafuni, na harufu yake ni ile ya uyoga wa chini ya gogo. Niliogopa kuuangalia. Nilikuwa naosha mguu nikiwa nimegeuza uso.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Watu wangu walipouona, hawakusikitika. Walifurahi! Tata alinivua soksi siku ya harusi ya binamu yangu, akaona kile kidole, akapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mpaka jikoni wakatoka mbio. "Huyu ni mama kabisa! Si mwone kidole yake! Mama amerudi na mguu yake!" Walinizunguka wakigusa ule ukucha kama watu wanaogusa mtoto mchanga. Baba alitokwa na machozi. Nilipojaribu kusema nataka dawa, tata alinishika mkono akaniuliza polepole kama kweli nataka kumfukuza cucu mlangoni.

Basi nikarudisha soksi, na ukucha ukaendelea. Ulipoanza kuuma nikaanza kuburuta mguu. Ng'ombe mzee wa cucu, ambaye alikuwa ananipiga teke kila siku, sasa alisikia hatua zangu akatulia na kuteremsha maziwa. Mbwa akawa ananisindikiza hadi zizini na kulala pale pale alipokuwa akilala akimngoja cucu. Asubuhi moja nilikuwa nimebeba mkebe wa maziwa kwenye ukungu, nikakutana na jirani yetu mzee aliyekuwa rafiki ya cucu. Hakuniona uso, alisikia hatua tu. Alisimama katikati ya njia akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyina wa Kariuki, si tulikuzika?"

Ndugu zangu, hilo ni jina la cucu, mama ya Kariuki; nilitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Nilimwambia ni mimi, akasema anajua ni mimi, na akavuka upande wa pili wa barabara.

Guka naye akili ilikuwa imeanza kumchezea, na ule utani wa mke wangu ukaacha kuwa utani. Alikuwa ananiita Nyina wa Kariuki, mama ya baba yangu mwenyewe! Ananiuliza kama nimewafungia kuku. Ananilaumu kwa mambo ya kabla sijazaliwa, halafu ananisamehe. Siku moja nilijikuta nimeketi kwenye kigoda cha cucu, nimekunja mguu na kukishika kidole vile vile alivyokuwa akikishika, na sikukumbuka nimekaa hapo tangu saa ngapi. Hapo ndipo nilielewa kile ninachoogopa. Kama nimepewa ukucha wake na mwendo wake, basi kilichobaki ni kidonda na kaburi. Nilikuwa naishi nikingojea kifo cha mtu mwingine kinifikie!

Nilienda kwa mhubiri mmoja wa Majengo aliyekodi chumba juu ya maduka. Akaniambia nilikatae jina, niliteme, nichague lingine siku hiyo hiyo. Nilifungua mdomo na nikashindwa. Baba angemwita nani mama?

Ndipo nikaja kwa mchungaji wetu huyu aliyeketi hapa, na nikamwambia yote. Aliniombea, na aliomba kweli, sitadanganya, jasho lilimtoka. Tulipomaliza akasema, "Amina. Sasa vua soksi." Nikavua. Akaangalia, akakuna kichwa, akasema, "Sasa hiyo nimeiombea. Kesho uipeleke hosipitali Nyeri, na usiambie tata yako." Haleluya! Hapo ndipo Mungu alipoanza kunifungua.

Daktari alikuwa kijana wa kutoka mkoa wa Magharibi, anaongea taratibu. Hakushangaa hata kidogo, na hilo peke yake liliniondolea nusu ya mzigo. Alikata kipande cha ukucha kipelekwe maabara. Akanitoa damu apime sukari, na sukari haikuwepo, asifiwe Bwana! Akapima pia ini, kwa sababu alisema dawa yenyewe hupitia huko. Majibu yaliporudi akaniambia ni fangasi, kitu hai kinachokula ukucha kutoka ndani, kinachopenda giza na unyevu. Kisha akaniuliza swali moja.

"Hizo gambuti unakamua nazo ni zako?"

Nikamwambia ni za cucu. Akauliza kama cucu alikuwa na ukucha kama huu. Nikasema ndiyo. Hapo nikaelewa, kwa maana kile kitu hai nilikuwa nimekivaa miguuni mimi mwenyewe, kila alfajiri, nikifikiri ninaheshimu marehemu.

Alinipa vidonge vya kumeza kila siku kwa muda wa miezi mitatu hivi. Akanionya nisichanganye na dawa za kuchemsha, na nikiona mkojo umekuwa mweusi au macho ya manjano nirudi mbio. Akaniambia pia neno ambalo nilienda nalo nyumbani. Ukucha uliokufa haufufuki. Mpya huota kutoka kwenye shina na kuusukuma wa zamani nje, polepole sana, pengine mwaka mzima.

Nilimeza. Wiki zikapita na ukucha ukabaki vile vile. Halafu, ndugu zangu, siku moja nikaonja chai na haikuwa na kitu. Nikaongeza sukari. Hakuna. Nikala githeri, nikala nyama, nikala chumvi peke yake kutoka kwa kiganja. Kila kitu kilikuwa majivu! Lilikuwa neno la cucu, lile lile la miezi yake ya mwisho. Tata alikuwa ameshajua habari za vidonge, akaniangalia nikisukuma sahani mbali, akasema, "Ati unaona? Amekataa kutoka."

Nililia kwa hofu. Nilipiga magoti hapo jikoni nikamwambia Mungu, kama ni yeye anayeniita kupitia kwa cucu, basi aniite kwa sauti yake, aache kuniita kwa mguu. Nilipoinuka sikuwa na jibu lolote, nilikuwa na nauli tu. Nikarudi Nyeri. Yule daktari hata hakukunja uso! Alisema vidonge vile huwaondolea watu wengine ladha, ni jambo linalojulikana, na nilifanya vizuri kuja. Akanisimamisha vile, akanipa vya aina nyingine, vya kumeza juma moja katika kila mwezi. Ladha ilichelewa, lakini ilirudi. Ya kwanza kurudi ilikuwa ya kitunguu.

Halafu nikauona. Kule kwenye shina, chini ya ule uozo, mstari mwembamba wa ukucha mpya, wa waridi, laini kama wa mtoto. Nilipiga kelele peke yangu zizini mpaka ng'ombe akamwaga maziwa! Siku hiyo hiyo nilizichoma zile gambuti nyuma ya zizi. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, haukupanda, ulitambaa chini kuelekea nyumba. Nilipogeuka nikamwona guka amesimama nyuma yangu. Amevua kofia. Alikaa hivyo mpaka moto ukaisha.

Mwaka uliofuata ukucha wa zamani ulimalizika. Niliketi nje juani nikiwa pekupeku, guka akaja, akainama akautazama mguu wangu kwa muda mrefu. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni Nyawira. Akauliza Nyawira gani. Nikasema, "Nyawira wa Kariuki, guka. Mjukuu wako." Akatikisa kichwa akasema, "Basi yule ameenda." Na akalia. Siku ya mazishi mzee huyu hakutoa chozi, na sasa alilia kama aliyeletewa habari asubuhi hiyo. Nilimshika, na nilihuzunika sana, kwa sababu mimi ndiye niliyemwondolea.

Alipotulia akavua kiatu chake. Akavua soksi. Ndugu zangu! Kidole gumba, ukucha wa kahawia, umejipinda kama pembe. Alikuwa nao miaka yote hiyo ameuficha. "Huu alinipatia," akasema. "Huu usiguswe. Nikifika kule aliko, atanijua na nini?"

Tulimpeleka kwa daktari. Akasema kwa umri wake, na kwa zile dawa za presha anazokunywa, vidonge havimfai, tuwe tunaupunguza tu na kuchunga usije ukaleta kidonda. Basi kila Jumamosi ninamkatia, kwa mkasi wake peke yake na taulo lake peke yake. Nikifika karibu na nyama huwa ananigusa bega na kusema, "Bakisha kidogo." Nami nabakisha.

Ninamshukuru Mungu aliyenipa jina na akaniachia maisha yangu. Ninamshukuru mchungaji aliyejua kuomba na akajua pia mahali maombi yanapotaka mguu utembee. Na wewe uliyeketi hapo umekunja vidole ndani ya viatu, ninakuona, nilikuwa wewe! Mwamini Bwana, vua soksi, nenda ukaonyeshwe. Hakuna marehemu ndani ya ukucha wako.

Tukitoka nje mnisalimie, na mguu wangu muuangalie mpaka mtosheke. Lakini guka yuko pale kiti cha nyuma, amekuja na viatu vyake vya Jumapili. Yeye, tafadhali, mwacheni avae.