Mwalimu Tuwaulize Anaaga Chekechea

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukalia viti vinavyomfika magotini, mwalimu wetu wa chekechea anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake kamili liko kwenye faili. Sisi tunamwita Mwalimu Tuwaulize, kwa kuwa hakuna kikao alichohudhuria asitamke neno hilo, na wa kuulizwa siku zote walikuwa watoto.

Mwaka wake wa kwanza aliwaachia wapange ratiba ya siku. Wakapanga: kula, kucheza, kula, kwenda nyumbani. Aliifuata vilevile. Kufikia saa nne wenyewe walikuwa wakimng'ang'ania awasomee hadithi. Darasa lilipopakwa rangi walichagua zambarau, mwisho pale mikono yao inapofika. Huko juu walituachia watu wazima. Kuta hizo zipo hadi leo, na wageni huzisifu kwa adabu.

Mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, nilikuwa mpinzani wake mkubwa. Nilimwambia waziwazi kwamba kumwuliza mtoto wa miaka sita habari za masomo yake ni kupoteza muda. Kisha akaja binti wa mshonaji. Siku ya usaili wa kuingia darasani kwangu alitulia kama maji mtungini, miguu kaibana, asijibu hata swali moja. Nikaandika arudie chekechea. Mwalimu mkuu akasaini, mama mtu akatoka analia.

Mwalimu Tuwaulize akaingia ofisini na kiti kidogo mkononi, akasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, basi maiti mwenyewe aitwe. Binti akaitwa, akaulizwa taratibu, akaeleza. Komeo la choo cha darasa la kwanza ni gumu. Wiki iliyopita alijifungia humo akashindwa kutoka. Siku ya usaili alikuwa amebanwa na haja, na choo anakiogopa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa karibu kumpotezea mtoto mwaka mzima kwa sababu ya komeo. Fundi alilibadilisha mchana uleule, na muhula uliofuata binti alikaa dawati la mbele, akiongea kuliko mimi. Tangu hapo hakuna mtoto wa shule hii anayerudishwa darasa bila kuketi kwenye kikao chake.

Jumatatu tuliwauliza watoto wa chekechea wangependa kumuaga mwalimu wao vipi. Wakataka maputo, na hotuba zisiwepo. Ujumbe tumeufikisha kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Kisha mmoja akauliza kama Mwalimu naye ameulizwa iwapo anataka kuondoka.

Hakuna aliyemwuliza. Nikaenda mwenyewe. Machozi yakamlengalenga, akasema ndiyo, anataka, magoti yamechoka. Ila amefurahi sana kuulizwa.

Asante, Mwalimu. Maisha ya kustaafu yawe marefu na matamu, na kila atakayekupangia jambo, akuulize kwanza.