Nilibandua Alama ya Fuvu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Amina yenu leo iwe ndogo, maana ninayokuja kuyasema hayafai kupigiwa vigelegele. Mimi ni Deo, mnanijua, yule wa sauti ya nne kwenye kwaya. Nilizaliwa Bukiriro kule Ngara, nimeishi hapa Biharamulo mjini miaka mingi, na mingi ya hiyo sikuwa na kazi.

Asiye na kazi hujitafutia, nami nilijitafutia vibaya. Nilikuwa nakwenda mashambani Nyabusozi kuokota madumu matupu ya dawa ya magugu na dawa ya pamba. Wakulima walinishukuru kwa kuwaondolea takataka. Nikifika nyumbani nayasugua kwa mchanga, majivu na sabuni mpaka yanang'aa, kisha nawauzia kina mama wa mtaani wawekee maji, maziwa na mafuta ya kula. Nilisifiwa kwa usafi! Lakini kabla ya kuyasugua niliyaloweka kwenye maji ya moto, nikabandua ile karatasi yenye picha ya fuvu la kichwa. Msije mkanitetea kwamba sikujua. Mtu asiyejua habandui.

Basi mwenyekiti wa kitongoji akatuita sisi tusio na kazi, tukafundishwe kusafisha mazingira: mitaro, dampo, na taka zenye sumu. Tuliambiwa watakaofanya vizuri wataajiriwa kwenye kikosi cha usafi. Nilijiandikisha wa kwanza. Mke wangu Skola alifurahi mpaka akawa ananiamsha yeye nisichelewe darasani.

Wiki ya pili mkufunzi akaweka dumu juu ya meza. Akasema dumu la dawa haligeuki la chakula hata ulioshe mwezi mzima, kwa sababu plastiki hunywa ile sumu na kuitoa kidogo kidogo. Linasuuzwa mara tatu, kisha linatobolewa, lisije likarudi nyumbani kwa mtu. Akauliza kama kuna anayejua madumu ya mashambani huwa yanakwenda wapi. Mimi nikainamia daftari, nikaandika kwa bidii.

Siku ya vitendo tulivaa glovu na mabuti, tukapita nyumba kwa nyumba kukusanya vyombo vya sumu. Tukaingia kwa Mama Kabula, mama mzee wa Kisukuma ninayemheshimu kama mzazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jua limewachoma, kunyweni togwa kwanza."

Akainua dumu nililomuuzia mimi. Akamimina, akanipa wa kwanza, kwa sababu katika kundi lile alinifahamu mimi tu. Mjukuu wake alikuwa pembeni na kikombe chake, anasubiri mgeni aanze.

Ningekunywa, siri yangu ingebaki siri na kazi ningeipata. Nilijua hivyo. Nikamtazama yule mtoto, nikaweka kikombe changu chini, nikasema mbele ya mkufunzi na wenzangu wote: "Mama, msinywe. Hili ni dumu la dawa ya magugu. Alama niliibandua mimi mwenyewe."

Nilingoja matusi. Mama Kabula akamnyang'anya mtoto kikombe, akamwaga togwa yote uani, ndipo akanigeukia. "Ni mimi peke yangu uliyeniuzia?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonifungua. Miaka yote nilimwomba Mungu anitoe kwenye shida, naye akanitoa kwa kinywa cha mama niliyemnywesha sumu. Nikaanza kutaja nyumba. Tulizipita zote siku ile na siku iliyofuata, na kila mlango nilisema mwenyewe. Mkufunzi alikataa kunisemea. Kuna aliyenitemea mate. Skola alizisikia habari kisimani kabla sijafika nyumbani, na kesho yake hakuniamsha. Mafunzo niliyamaliza, lakini kazi walipewa wengine, na ni haki.

Sasa lililobaki ndilo zito kuliko yote. Jumapili iliyopita, wakati wa chai baada ya ibada, niliona dumu langu jikoni hapa kanisani. Mtaa mzima nilikuwa nimeshauzunguka, ila mbele yenu mnaoniita ndugu aibu ikanishinda. Nilinyamaza, nikanywa chai pamoja nanyi. Leo nimewahi kabla ya wapishi, nimelitoboa, liko nje pale mlangoni. Mtalipita mkitoka.

Namshukuru Mungu ambaye hakuchoka nami. Na wewe unayeficha jambo, mwamini yeye. Aibu inauma sana lakini haiui, mimi hapa nasimama. Inayoua ni ile sumu tuliyoibandua alama. Kuna madumu mengine niliyauza gulioni kule Kibimba, na kwa watu nisiowajua hata majina, na sijayapata. Mwenye nalo nyumbani asianze kwa kunisamehe. Alilete kwanza.