Mpeni Ndinda Kula

Wasifu wa Jemimah Ndinda Mutuku, unaosomwa na bintiye Fiona katika ibada ya kumuaga, Kangle, Guangzhou, Jumamosi, 20 Machi 1999

Ndinda alizaliwa tarehe 4 Mei 1953 huko Kangundo, Machakos, kifungua mimba wa Mzee Mutisya na Mama Kalekye. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1967, karo ya sekondari ikakosekana, akaketi kwenye cherehani. Kiswahili alikisema maisha yake yote kwa ulimi wa Kikamba, ulimi usioijua r. Kwake barua ilikuwa balua, rafiki alikuwa lafiki, na ukimcheka alicheka nawe.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na Eliakimu Mutuku, karani wa reli, wakahamia Nairobi. Walijaliwa Alvin na Fiona. Eliakimu alifariki mwaka 1991, na kuanzia hapo Ndinda alikuwa mama na baba, akiuza nguo katika soko la Gikomba.

Oktoba 1995 alifuata nguo hadi huku China. Alipanga chumba hapa Kangle, juu ya karakana ya mashati, na mlango wake haukujua komeo. Aliyenyang'anywa pasipoti, aliyefungiwa nje na mwenye nyumba, aliyeugua na hana ndugu, wote walipita pale, na kabla ya shida kusikilizwa walipewa sahani. Kijana mmoja wa Tanga alipofia hapa na kukaa mochari bila wa kumdai, Ndinda alilia kama aliyemzaa. Ndipo akaanzisha chama chetu cha kuzikana. Mkristo, Mwislamu, Mkenya, Mtanzania, hakuuliza. Swalha wa Mombasa, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alimwambia, "Mama Alvin, wewe hapa ndiwe ubalozi."

Huenda neno hilo ndilo lililomtia moyo. Mwaka 1997 alikwenda kugombea udiwani wa Baraza la Jiji la Nairobi, katika wadi yake ambako watoto walikuwa wakichota maji penye mtaro. "Nikiweza kuwatetea watu ugenini," alisema, "kwangu nitashindwa?" Hakuutaka ukubwa. Alitaka mabomba, na alitaka jina la Eliakimu lisikike kwa heshima.

Fulana za kampeni aliziagiza kwa simu, kutoka karakana ya chini ya chumba chake. Alimtamkia karani wa huku maneno ya kuchapa: Mpeni Ndinda kura. Ila alivyotamka ni "kula", na yule binti wa Kikantoni, naye hana r, aliandika alichosikia. Swalha, ambaye angekagua, siku hiyo alikuwa bandarini Huangpu akipakia kontena. Masanduku yalifika Nairobi mkesha wa mkutano wa kampeni, na kila kifua kikasema: MPENI NDINDA KULA.

Loo, watu walivyocheka! "Apewe kula, kisha atule sisi?" Ndinda alipanda jukwaani kurekebisha. "Jamani," alipaza sauti, "si kula, ni kula!" Hapo ndipo alipojimaliza. Tarehe 29 Desemba alishindwa vibaya, na jina likamganda: Mheshimiwa Kula.

Alirudi Guangzhou Februari 1998. Swalha alijaribu kumtania: "Wewe na Mchina mmesomeshwa na mwalimu mmoja!" Zamani angecheka. Safari hii alisema tu, "Nikifa, msinizike na jina hilo." Fulana zilizobaki karakanani alimwamuru Swalha azichome. Aliendelea kupika na kuwatetea watu, lakini nyimbo zake za jikoni ziliisha, na inatuuma kwamba hazikurudi.

Septemba mwaka huohuo chakula kilianza kumkwama. Madaktari walisema ni kansa ya umio. Alikonda mbele ya macho yetu. Watu aliowalisha walipokezana hospitalini na vibakuli vya uji, mchuzi, maziwa, naye aligeuza uso ukutani.

Siku moja ya Machi Macharia, kijana wa Nairobi aliyewahi kulala sakafuni kwake, alilowa mvua akielekea huko. Alipita kwa Swalha, akavaa nguo kavu aliyoikuta kabatini bila kuitazama. Kumbe Swalha hakuzichoma zote. Macharia aliingia wodini na bakuli la uji, fulana ikijisoma yenyewe. Swalha, aliyekuwa kando ya kitanda, alishika mdomo. Fiona alitamani ardhi ipasuke.

Ndinda aliitazama kwa muda mrefu. Akaisoma kwa sauti iliyokwaruza, kwa ulimi wake uleule: "Mpeni Ndinda kula." Kisha akasema, "Haya basi. Nipeni." Macharia alimlisha huku analia. Alikunywa kidogo, na hakumeza kitu tena. Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Machi 1999, alfajiri.

Chama alichokianzisha kinamrudisha nyumbani. Atazikwa Kangundo Jumamosi ijayo, ubavuni mwa Eliakimu. Ameacha watoto wawili, Alvin na Fiona, mama yake Kalekye, na watu wa Kangle ambao hakuwazaa.

Msalabani tumeandika Jemimah Ndinda Mutuku, basi, kama alivyoomba. Lakini sufuria za Swalha ziko motoni hapo nje, na leo mwenyeji hayupo wa kukukaribisha. Aliye na njaa asione haya.

Mungu umpokee mama yetu, na kwako asigombee kitu tena. Mpe kula.