Sauti Iliyojibu Kwenye Jiwe: Maisha ya Papa Akilimali Floribert

Ndugu na majirani, asanteni kwa kupanda mlima huu na matope haya yote. Mimi ni Nadine, dada mdogo wa marehemu. Kaka aliniomba nisome kila kitu, hata yale yenye kuuma. Asiyetaka kusikia, njia iko pale.

Papa Akilimali Floribert alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, karibu na Hombo, Walikale. Baba yetu alikuwa mrina asali, na nyuki wa kule wanakaa kwenye nyufa za majabali. Kaka alijua kufunga kamba kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati.

Alisoma shule ya primaire, akapata cheti chake, certificat, mwaka 1984. Siku moja directeur, mwalimu mkuu, alimtafuta asubuhi nzima, kumbe bwana amekaa juu ya paa la shule, anakula mapera na kuwarushia wenzake maganda. Fimbo alizopata siku ile alizisimulia mpaka uzeeni, kwa majivuno.

Tarehe 4 Agosti 2001 alimwoa Mama Françoise, akahamia huku kwao Masisi. Mungu akawapa Elodie na Noël.

Kazi yake mnaijua. Mrina asali akianguka jabalini, ao kilima kikiwafunika wachimbaji, walimwita yeye aende kuutoa mwili. Kabla ya kushuka aliita jina la aliyekufa mara tatu, kisha akanyamaza, akasikiliza. Alipompata, alizungumza naye njia nzima: “Vumilia, huu mteremko njo wa mwisho, karibu tufike kwenu.” Wabebaji wengine walimkimbia kwa sababu hiyo. Baba alikuwa amemwachia sheria moja: maiti akijibu, usishuke, maana mwenye kujibu si yeye.

Alhamisi tarehe 9 Juni 2016, Déo, kijana wa Mama Uwamariya, aliteleza kwenye jabali akirina asali. Kaka alifika Jumamosi. Ukungu ulikuwa mzito, hata miguu yake hakuiona. Aliita mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, kutoka chini, sauti ikaitika.

Kaka alivuta kamba yake, akawaambia watu: “Hakuna kitu.” Mama Uwamariya akazika mgomba mahali pa mtoto wake, kama tunavyofanya mwili ukikosekana.

Miaka ikapita. Februari 2024 kilima kiliporomoka kwenye machimbo, upande wa Rubaya. Siku ya nne kaka aliita jina la mchimbaji mmoja, na sauti ikajibu toka kwenye udongo. Akaanza kurudi nyuma. Wenzake wakapiga kelele: “Papa, iko muzima huyu! Chimba!” Wakamtoa, anapumua, anaomba maji. Kaka akakaa kwenye matope, akalia.

Alikuja kwangu, akasema: “Nadine, Déo alikuwa muzima.” Nikamwambia anyamaze, yaliyopita yamepita. Nilikosea, na ninaona haya kusema hivyo mbele yenu. Kesho yake alikwenda kwa Mama Uwamariya, akapiga magoti, akamweleza. Mama hakulia, hakumtukana. Alisema tu: “Enda umulete.”

Alisuka kamba mpya wiki mbili. Jumatatu tarehe 11 Machi alishuka peke yake, na jiwe alilofungia kamba likang'oka, akaanguka.

Jumatano Noël alikusanya wanaume, na mimi nikaenda nao. Ukungu uleule. Noël aliita jina la baba yake mara tatu. Zilijibu sauti mbili. Nilizisikia kwa masikio yangu haya, na wanaume wawili walitupa kamba wakakimbia. Noël akajifunga kiunoni, akasema: “Sisi tunashuka.”

Walimkuta kaka amevunjika nyonga, amekumbatia mfuko wenye mifupa ya Déo. Hapakuwa na mtu mwingine. Noël akamuuliza ni nani aliyejibu pamoja naye. “Njo yeye,” kaka akasema. “Tangu jana anasema muko karibu.”

Tulimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka centre de santé, zahanati yetu. Ijumaa Mama Uwamariya alimzika mwanawe, kisha akaja, akakaa kando ya kitanda.

“Siku ile alijibu nini?” akauliza.

Sisi kaka alikuwa ametuambia kwamba sauti ile haikuwa na maneno. Sasa akamjibu mama huyo:

“Alisema: Mama, niko huku.”

Mama Uwamariya hakusema amesamehe. Hakusema hapana. Alilala palepale chini, kwenye kitenge chake. Jumamosi tarehe 16 Machi, saa tisa mchana, kaka alikata roho, na yeye ndiye aliyemfumba macho.

Ameacha mjane, Mama Françoise. Watoto wawili, Elodie na Noël. Na mimi, dada yake. Na Mama Uwamariya. Jana alikuja kuomba jina lake liandikwe hapa, pamoja na sisi wa nyumba. Nikamuuliza kwa nini.

“Andika tu,” akasema.

Nimeandika. Lala, kaka yangu. Mungu akupe usingizi.