Amekwenda Magharibi

SAIDATI: Haloo? Haloo, Kampala? Ni nani hapo?

FARADJI: Ni Faradji, fundi cherehani. Naongea kutoka dukani kwa Mhindi. Nani mwenzangu?

SAIDATI: Saidati. Bibi ya Kadiri. Niko posta ya Gisenyi.

FARADJI: Shemeji! Asalaam aleikum.

SAIDATI: Aleikum salaam. Habari ya siku—

FARADJI: Pole, shemeji. Pole sana. Hata kukutafuta nilikuwa naogopa.

SAIDATI: Asante. Nimezoea. Sokoni pia wananipa pole, halafu nikigeuka wanacheka.

FARADJI: Wanacheka? Watu gani hao wa kucheka—

SAIDATI: Watu wa mutaa wa Nengo, si unawajua? Wacha. Nimechoka, Faradji. Sikupiga simu nije kulia.

[Laini inakwaruza.]

FARADJI: Na eda unakalia wapi? Kwa mama mkwe?

SAIDATI: Eda gani? Bado hajaniacha! Ndiyo shida yenyewe. Kesho baba yangu anaita shehe avunje ndoa, anasema mutu amenitupa. We ni rafiki yake. Mutafute, umwambie arudi, ao alete talaka yeye mwenyewe. Nisiachwe na baba yangu.



SAIDATI: Haloo? Uko?

FARADJI: Nipo. Shemeji... bwana wake wa kazi hakukuambia? Yule Mwingereza mwenye malori. Aliniapia atapita Gisenyi akuone.

SAIDATI: Alipita. Alilala oteli ya ziwani, akaniita. Abdu wa jikoni akatafsiri.

FARADJI: Alisemaje?

SAIDATI: "Kadiri gon westi." Abdu akaniambia, Kadiri amekwenda magharibi.

FARADJI: Ya Rabi.

SAIDATI: Bon, magharibi ya Kampala si ndiyo sisi? Nikasema anakuja nyumbani. Nikapika. Hakuja. Nikasema basi amepitiliza, iko Goma. Kila siku naenda mupakani, Petite Barrière, nauliza wapagazi: hamujaona mutu murefu, anachechemea kidogo? Sasa wakiniona kwa mbali wananijibu mbele sijauliza.

FARADJI: Lakini mzungu mwenyewe, uso wake ulikuwaje?

SAIDATI: Alivua kofia. Akafuta macho. Nikasema ni jua.

FARADJI: Hukuuliza mwingine anayejua Kiingereza?

SAIDATI: Mi si mujinga! Niliuliza yule bibi Mumarekani wa misheni. Akafurahi, akanishika mikono miwili. Akasema babu zake wote walikwenda magharibi. Mutu anaacha umasikini, anapata shamba, anajenga, halafu anaita bibi yake. "Ngoja, atakuita." Nimengoja. Hakuita. Donc ameoa Mukongomani.

FARADJI: Hajaoa.

SAIDATI: We unamutetea—

FARADJI: Hajaoa, shemeji! Sikiliza. Huyo mama amesema ya kwao. Kiingereza si kimoja. Mimi nilikuwa Burma vitani na Waingereza, na bwana wa Kadiri naye ni askari wa zamani. Kule tukiamka, tunakuta blanketi la mtu limekunjwa, wenyewe wanasema—

[Laini inakatika, inarudi.]

SAIDATI: Wanasema nini? Haloo? Sikusikia!

FARADJI: Wanasema fulani amekwenda magharibi. Huko jua linakozama.

SAIDATI: Alikuwa ametoroka?

FARADJI: Hapana.



SAIDATI: Faradji. Kadiri iko wapi?

FARADJI: Ametutoka, shemeji.

SAIDATI: Ametoka kwenda wapi?

FARADJI: Ametangulia... amekwenda mbele ya haki—

SAIDATI: Tena amekwenda! Kila mutu, amekwenda, amekwenda! Muzungu wa kwanza amekwenda, wa pili amekwenda, na we pia, mutoto wa Gisenyi! Sema neno lenyewe. Lile la kuku.

FARADJI: Shemeji, mtu hatajwi hivyo—

SAIDATI: Sema!

FARADJI: Amekufa. Kadiri amekufa.

[Laini inakwaruza.]

SAIDATI: Lini?

FARADJI: Kabla ya Ramadhani. Lori lilimshinda kwenye kona za Kabale.

SAIDATI: Alikuwa anakuja kwangu?

FARADJI: ...Alikuwa anapeleka saruji.

SAIDATI: Bon. Afazali umesema kweli. Na mimi Ramadhani nzima nilimulaani. Kila futari.

FARADJI: Hukujua. Mungu anajua hukujua.

SAIDATI: Mulimuswalia?

FARADJI: Tulimswalia, watu wengi. Sanda nilikata mimi mwenyewe. Nikajua Mwingereza ameshakupasha habari, nikasema nikae kimya nisikuongezee—

OPERETA: Kampala na Gisenyi, muda unakwisha.

FARADJI: Subiri kidogo, bwana! Shemeji, uko na nani hapo?

SAIDATI: Mama yake. Ameketi inje, kwenye ngazi. Amevaa kitenge kipya. Alisema labda leo atasikia sauti ya Kadiri.

FARADJI: La haula... Mwambie polepole, kwa Kinyarwanda. Sisi tuna neno zuri: yitabye Imana. Mungu amemwita, naye ameitika.

SAIDATI: Ameitika, halafu? Ataniuliza anarudi lini. Hapana. Mi nilingoja kwa sababu ya maneno mazuri.

FARADJI: Basi mwambie baba yako—

SAIDATI: Baba atasikia kilio, atajua. Shehe atakuja vilevile. Atasoma kitu kingine.

OPERETA: Nakata sasa.

FARADJI: Shemeji, nisamehe! Nitakuja, nikipata—

SAIDATI: Asante kwa sanda, Faradji. Kata, bwana wa simu. Kata tu... Mama! Mama, ingia. Hapana, usishike simu. Njoo ukae kwanza.