Ndege Iliyonikalisha Chini

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, ndugu zangu, lakini safari hii nijibuni mkiwa mmekaa. Msiinuke. Mtajua kwa nini.

Mzee Charo, kiongozi wetu wa maombi hapa Muyeye, ameniomba nishuhudie jinsi nilivyosimama ndani ya ndege nikaukemea upepo, nao ukatulia. Habari hiyo imefika hadi kijiji cha Tezo kabla yangu. Ni habari nzuri. Ina kasoro moja tu: si kweli. Sikuukemea upepo. Upepo ndio ulionikemea mimi, tena mbele ya mama yangu mzazi.

Mama mnamjua. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia nalo likaanza kuingia ukungu, hadi siku moja nikamkuta anausalimia mtungi. Nikampeleka Nairobi kwa basi, akapasuliwa jicho. Daktari akatuonya: nyuzi bado mbichi, jicho lisiguswe wala lisigongwe. Likigongwa, basi, hana jingine. Ndiyo maana nikamrudisha Malindi kwa ndege, nisimtikise kutwa nzima barabarani.

Sasa nisikieni mimi, mwalimu wa digrii mbili, niliyepanda ndege mara saba na kuhakikisha kila mtu anajua. Mhudumu, binti mpole, alimfunga Mama mkanda. Tulipofika juu na ile taa ya mkanda ikazimika, nikaufungua wangu kwa madaha. Nikamwambia, "Mama, fungua sasa, tumbo lipumue. Huu ni wa kuondokea na kutua tu."

"Siufungui."

"Mama, watu watajua ni mara yako ya kwanza."

"Kwani si mara yangu ya kwanza? Nimebeba kuni miaka arobaini, Kazungu. Mzigo usiofungwa haufiki nyumbani."

Nikacheka. Ndugu zangu, nilicheka!

Tulipoanza kushuka kuelekea pwani, mawingu yakatupokea. Taa ikawaka, rubani akatuambia tujifunge. Ndege ikaanza kutikiswa kama mchele kwenye ungo. Nikashika ncha mbili za mkanda, nusura nizikutanishe. Mama, bandeji jichoni, haoni kitu, akasema, "Omba, mwanangu."

Hapo ujinga wangu ukavaa joho. Desturi yetu mnaijua: hapa haombi mtu amekaa, ila mgonjwa na mzazi mwenye kichanga. Tangu shule ya Jumapili tumeambiwa kwamba aombaye amekaa anazungumza na kiti. Mimi, katibu wa kanisa, nimwendee Mungu nimekaa, tena nimejifunga? Nikaziachia ncha zote mbili. Nikasimama, nikainua mikono.

"Mzee, keti!" yule binti akapaza sauti kutoka kitini kwake, mwenyewe keshajifunga. "Keti sasa hivi!"

Nilikuwa nimefika kwenye "Baba wa rehema" ndege ilipodondoka.

Watu wanasema niliruka. Sikuruka. Ndege ilishuka, mimi nikabaki. Kisha dari ikanipiga utosini, nikarudi chini kama gunia la mahindi, kiwiko kikitangulia, upande wa Mama. Kiwiko hiki hapa, kitazameni. Kilitua kwenye kiegemeo cha kichwa chake, upana wa vidole viwili kutoka kwenye bandeji. Viwili! Aliyetaka kumpofusha mama yangu siku ile hakuwa pepo. Alikuwa mimi, katikati ya sala.

Na Mama je? Alikuwa ametulia kitini pake kama mzigo wa kuni uliofungwa na anayejua. Akanipapasa, akanikamata ukosi wa shati, akanivuta hadi nikaangukia kiti changu. "Kaa! Jifunge! Mungu anawasikia hata waliokaa!"

Nikaupapasa mkanda, nikakamata pindo la shati langu. Yeye asiyeona, yeye wa mara ya kwanza, ndiye aliyezitafuta ncha za mkanda akazikutanisha tumboni mwangu. Mdondoko wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Nikainuka kidogo, mkanda ukanirudisha. Nikaomba nimekaa, damu ikinichuruzika nyuma ya sikio, na sijawahi kuomba sala ya kweli kama ile.

Leo asubuhi Mzee Charo amenishika mkono pale mlangoni. "Mwalimu, mkanda usiutaje sana. Watu watategemea utepe badala ya Bwana."

Mzee wangu, shikamoo, na nitautaja. Mlango wako una makomeo mawili, na hakuna aliyesema huna imani. Naona unanikonyeza nifupishe. Sifupishi! Niiteni mwenye imani haba. Nivueni huu ukatibu, mpeni mwingine. Nikipanda ndege nitajifunga, taa iwake isiwake, tangu nikae hadi magurudumu yasimame. Na aliye jirani yangu nitamsumbua hadi ajifunge, hata akiwa askofu, kwa sababu asiyejifunga hajiumizi peke yake. Anaanguka juu ya jicho la mtu. Imani yangu haikupunguzwa na utepe ule. Kilichopungua ni majivuno, na hata hayo si yote, kama mnavyosikia.

Namshukuru Mungu aliye hai. Namshukuru binti yule aliyenipigia kelele nisitake kusikia. Nanyi mlio kwenye tufani zenu, za angani au za nyumbani, mtumainini Bwana bila haya. Yeye ndiye aliyeniokoa, na mkono alioutumia ulikuwa wa mama yangu, na kazi aliyoufanyisha ilikuwa kunifunga mkanda.

Mama yule pale, mstari wa tatu. Bandeji imetoka. Jicho lile linanitazama sasa hivi, zima, kali, halipepesi, na ninalisoma vizuri: Kazungu, umesema vya kutosha, keti.

Nimesikia, Mama. Basi tuombe, ndugu zangu. Atakaye kusimama asimame. Mimi naomba nimekaa.